Mashine ya Kukatia Majani kwa Ua Mdogo

Mvua ikisha kunyesha, majani ya uani hayangoji ruhusa ya mtu. Twapenda nyumba ya Mkristo iwe safi ndani na nje. Tena majani marefu karibu na mlango huficha nyoka, na watoto hupita hapo kwa miguu mitupu. Wengi wamezoea kufyeka kwa fyekeo, na kazi hiyo ni njema. Walakini wako wenye nyumba na walimu watakao kununua mashine, nao huuliza ni ipi iwafaayo. Yafaa tuwajibu, kwa kuwa fedha za nyumba ni chache, na mashine isiyofaa huzila mara mbili: siku ya kununuliwa, na kila ipelekwapo kwa fundi.

Mashine ya kwanza ya kazi hii ilibuniwa na Edwin Budding, fundi wa Stroud katika Uingereza, aliyepata hati ya ubunifu wake mwaka wa 1830. Yasemekana wazo lake lilitoka katika viwanda vya sufu, palipokuwa na mtambo wa visu vya kuzunguka ulionyoa nyuzi zilizosimama juu ya kitambaa. Mpaka leo mashine ya kusukuma kwa mkono hufanya vivyo hivyo. Magurudumu huzungusha visu vilivyopindika, navyo huyabana majani juu ya kisu kimoja kilichotulia chini, kama mkasi.

Namna ya pili ina kisu kimoja kipana chini ya kifuniko, nacho huzungushwa na injini ya petroli au kwa umeme. Hiki hakikati kama mkasi, bali hupiga majani kwa mbio, kama fyekeo.

Basi, kabla ya kwenda dukani, pima ua wako. Tuseme upana wake ni meta 10 na urefu meta 12. Mashine ya mkono ikikata ukanda wa sentimeta 25 kila ipitapo, utapita mara 40, na mwendo wako wote utakuwa meta 480, yaani haufiki nusu kilometa. Je, kwa mwendo huo mtu mwenye afya ana haja gani ya injini, na petroli, na oili, na fundi? Kwa ua kama huo twashauri mashine ya mkono. Haina kelele za kumsumbua jirani mgonjwa, wala haidai kitu ila kunolewa na kutiwa mafuta. Ukitaka kujua kama visu vimekaa sawa, tia kipande cha karatasi kati yao, uvizungushe polepole: karatasi ikikatika safi, ni vyema, ikikunjika, virekebishwe.

Lakini ina udhaifu wake. Majani marefu huyalaza chini badala ya kuyakata, na kijiti kidogo huweza kuisimamisha. Yataka mtu asiye mvivu, apitaye mara kwa mara, kila mara akiondoa si zaidi ya theluthi ya urefu wa majani. Ukoka ukitunzwa hivyo hutanda vizuri. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na aliyeacha majani yafike magotini atalirudia fyekeo kwanza.

Ikiwa ua ni mkubwa, au majani ni magumu na ardhi ina mabonde, mashine ya injini ina haki yake. Hapo twaomba msikilize sana. Torati iliwaamuru Waisraeli wajenge ukingo juu ya dari za nyumba zao, mtu asije akaanguka (Kumbukumbu la Torati 22:8). Mashine hii nayo yataka ukingo. Okota mawe na vijiti kwanza, kwa maana kisu hurusha jiwe kwa nguvu ya kutoboa jicho. Watoto wakae mbali, nawe uvae viatu vigumu. Usitie mkono chini yake kabla hujazima injini na kuchomoa waya wa plagi. Na iliyo ya umeme, itenge na umeme au uitoe betri. Petroli itiwe injini ikiwa imepoa. Wala usiiwashe ndani ya chumba, maana moshi wake una sumu iuayo.

Twajua kwamba mashine yenye ngurumo hupendeza macho ya wapitao njiani. Lakini baba wa nyumba hanunui kwa ajili ya wapita njia. Anunue ile ambayo ua wake waihitaji, bila deni. Na fedha itakayobaki, watoto wake wataijua kazi yake.