Uloto wa Nani Utakubalika?

Mkulima mmoja wa parachichi wa Yakobi, kule Njombe, ameniuliza swali zito. Yeye hubebesha kikonyo cha Hass juu ya mche wa kienyeji, na mti hukubali. Kwa nini basi mtoto mwenye selimundu asiwekewe uloto, ambao ndio kiwanda cha damu, wa mtu yeyote aliye tayari kutoa?

Nimjibu hivi. Mti hauna askari wanaozunguka mwilini. Binadamu anao: chembe nyeupe za damu. Baadhi yao wengi wetu tunawajua kwa jina la CD4, kutokana na kipimo cha wenye VVU. Karibu kila chembe ya mwili huvaa kitambulisho ilichorithi kwa baba na mama, na askari hao hukikagua.

Siri hii ilifichuliwa kwa panya. Mwaka 1974, Rolf Zinkernagel na Peter Doherty, wakiwa Canberra, Australia, walionyesha kwamba askari wauaji wa panya huua chembe yenye virusi ikiwa tu imevaa kitambulisho wanachokijua. Chembe ya panya wa ukoo mwingine, hata yenye virusi vilevile, waliiacha. Mwaka 1996 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1977 na 1978 watafiti walitia uloto wa panya chotara ndani ya panya wa ukoo wa mzazi mmoja tu. Askari wapya waliokulia humo walishika kitambulisho cha mwenyeji. Shule yao ni thaimasi, tezi iliyo kifuani nyuma ya kidari.

Lakini askari waliokwisha komaa, wakiingia na uloto wa mtu asiyefanana, humwona mwenyeji kuwa adui. Hushambulia ngozi, ini na utumbo. Kumbe si mwili tu unaomkataa mgeni; mgeni naye huukataa mwili.

Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu mwaka 2023. Hata hivyo, ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja tu kati ya nne ya kufanana kikamilifu na mgonjwa. Nchini inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka. Wengi hawatampata ndugu huyo.

Kwa hiyo nasema: kabla familia haijauza shamba, ndugu wapimwe kwanza. Na mtoto asiyepata wa kumfaa asiachishwe kliniki wala dawa zake.