Land Rover ya Nairobi Ikishuka Garissa

Mlio ulianza tulipopita Ukasi. Tulikuwa tumetoka Nairobi alfajiri na Land Rover Series III ya mfugaji mmoja wa Garissa, injini imetoka kufungwa upya, hedi imechongwa ili kompresheni ipande. Hadi Mwingi gari lilikuwa likipanda vilima kwa hamu ambayo mwenyewe hakuwahi kuiona. Barabara ilipoanza kuteremka kuelekea Bangale joto likaingia madirishani, na chini ya boneti nikasikia kitu kama changarawe zinazotikiswa ndani ya mkebe. Nilipaswa kusimama. Sikusimama. Nilipofungua hedi siku mbili baadaye, ukingo wa pistoni ya tatu ulikuwa umelika kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa majini, na ringi ya juu imevunjika vipande.

Injini ile niliijenga mimi, na nilikuwa nimeijenga vizuri kwa mahali pasipo pake.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Garissa, kando ya Tana, haifiki mita 200. Kule juu hewa ni nyepesi, shinikizo lake pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko la pwani, kwa hiyo silinda ikivuta pumzi hupata pumzi hafifu. Ukiteremka hadi Garissa, hata ukiondoa kile kinachopotezwa na joto la nyuzi 36, kila silinda hujazwa hewa zaidi kwa asilimia 10 na ushei. Hiyo ni nguvu ya bure, lakini ina masharti yake. Jeti ya kabureta iliyochaguliwa kwa hewa ya Nairobi sasa inatoa petroli pungufu, na mchanganyiko mkavu huungua kwa joto kali zaidi. Cheche nayo imetangulizwa, maana hewa nyepesi huungua polepole na fundi wa Nairobi huiwahisha. Ikifika kwenye hewa nzito inakuwa imewahi mno. Ongeza hapo hedi iliyochongwa. Badala ya mwali kusambaa kwa utaratibu, sehemu ya mwisho ya mchanganyiko hujilipukia yenyewe kabla mwali haujaifikia. Zile ndizo changarawe, na kila changarawe ni nyundo juu ya pistoni.

Injini ninayoizungumzia ni ile ya petroli ya lita 2.25 iliyokuja na Series II mwaka 1958 na kuendelea ndani ya Series III hadi 1985. Land Rover nyingi za Series III tulizonazo Kenya ziliunganishwa Thika, katika kiwanda cha Leyland. Injini yenyewe ina silinda nne, kipenyo milimita 90.47, mwendo wa pistoni milimita 88.9, jumla sentimita za ujazo 2,286. Bloki na hedi zote ni chuma cha kusubu. Krenki ya zile za kabla ya 1980 imeshikwa na beringi kuu tatu, za baadaye tano, na fundi anayetaka kuzungusha injini kwa kasi aanze kwa kuuliza anayo ipi. Kiwandani ilitoka na nguvu ya farasi 70 na kidogo kwenye mizunguko kama 4,000 kwa dakika.

Ni nani huku anayeendesha kwenye mizunguko 4,000? Ukiingia kwenye laga, yaani mto mkavu wenye mchanga, gia ya pili ya chini, mbuzi nyuma na mapipa ya maji juu yao, injini inazunguka 1,500 hivi, na hapo haitumii hata nusu ya farasi zake. Kinachokutoa mchangani ni toki, ile nguvu ya kusokota, ambayo injini hii hutoa kwa wingi kwenye mizunguko 2,500 na hubaki nayo hata chini yake. Ndiyo maana sipendi kemshafti za mashindano kwenye gari la maeneo haya. Huongeza farasi juu kabisa na kukunyang'anya toki chini, yaani hukulipa mahali usipokwenda. Kemshafti ya injini ya lita 2.5 iliyofuata mwaka 1985 ni habari nyingine: inaingia kwenye bloki hii bila taabu na kuipa pumzi nzuri bila kuilegeza.

Kuhusu kompresheni, hesabu yake si siri. Silinda moja inabeba sentimita za ujazo 571.5. Kwa uwiano wa 7 kwa 1 chumba cha kuchomea kinabaki 95. Kwa 8 kwa 1 kinabaki chini kidogo ya 82. Ukitaka 9 kwa 1 uchonge hadi 71. Kule Nairobi 9 kwa 1 inavumilika kwa sababu hewa yenyewe ni pungufu. Garissa mimi sivuki 8, na mwenye hedi ya 7 anayesafiri hadi Liboi na mzigo wala simshawishi aibadilishe.

Basi nguvu itoke wapi? Mara nyingi iko humohumo, imevuja. Kabla ya kushusha injini yoyote napima mgandamizo wa kila silinda, plagi zote zimetolewa na kabureta imefunguliwa hadi mwisho. Silinda zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, kuna mwizi. Namimina kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu na kupima tena: kipimo kikipanda, ringi zimechoka, kikibaki palepale, valvu hazifungi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa dhaifu pamoja, mara nyingi gasketi imeungua katikati yao. Nimewahi kupokea gari ambalo mwenyewe aliapa linahitaji injini ya V8, kumbe lilikuwa likisukumwa na silinda mbili na nusu.

Mwizi mkubwa wa huku ni vumbi. Mchanga laini ukichanganyika na oili unakuwa dawa ya kusagia, na silinda huliwa zaidi upande wa juu, pale ringi zinapogeukia. Bloki hii inaruhusu kuchimbwa hadi inchi 0.040, karibu milimita moja, kabla ya kulazimika kuvishwa slivu. Ila kuchimba silinda na kisha kuifunga bila kisafisha hewa ni kutupa pesa mtoni. Kuna vijana wanaong'oa lile kopo la kiwandani lenye oili chini na kuweka kichujio cha wavu, eti injini ipumue. Kopo lile ndilo lililoziweka injini hizi hai barabara za Wajir na Mandera tangu enzi za wakubwa wa kikoloni wa Northern Frontier. Hewa hupitishwa juu ya oili, vumbi hunasa, tope hubaki chini. Siku ukifuata msafara wa malori, lifungue jioni ileile, ulioshe, uweke oili safi.

Maji nayo. Ya Tana yana tope, ya visima vingi ni ya chumvi, na yote mawili huishia nyuma ya silinda ya nne, mahali ambapo mzunguko ni mvivu. Bloki ikiwa chini natoa vile vizibo vya pembeni na kuchokonoa kwa waya. Nimetoa humo udongo wa kuweza kupandia mche. Halafu themostati. Wengi huitupa wakidhani inazuia maji. Katika hedi hii themostati ya asili, ikifunguka, huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye bloki bila kupitia rejeta. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto huzunguka humohumo na injini huchemka zaidi. Rudisha pia kava la feni. Lile bati si pambo.

Valvu za eksozi zilianza kusumbua baada ya risasi kuondolewa kwenye petroli, mwaka 2006. Risasi ilikuwa inakalia uso wa kiti kama mto. Bila hiyo, kiti laini huliwa na valvu huzama polepole. Mwanya wa tapeti, ambao ni inchi 0.010, unapungua hadi valvu haifungi kabisa na kuungua. Ukifika kwenye hedi, tia viti vigumu na usage valvu hadi zishike maji. Hapo peke yake utasikia gari limeamka. Kabureta ya Zenith kabla ya kuilaumu ifungue. Uso wa kifuniko chake hupinda kwa joto na petroli huvuja ndani kwa ndani. Weka msasa laini juu ya kioo bapa, usugue hadi uso unyooke, badilisha ringi ya mpira, kisha uchague jeti ukiwa Garissa na injini imepata moto wa saa saba mchana.

Hivyo ndivyo nilivyoifunga ile Series III mara ya pili, kwa gharama yangu: pistoni mpya, hedi nyingine ya 8 kwa 1, cheche nimeirudisha nyuma kidogo. Nilimpa mwenyewe kilomita 800 za kwenda taratibu kabla ya kubadilisha oili, nikakaza hedi upya na kupima tapeti. Siku ya kulijaribu alinipeleka mwenyewe kwenye laga, nje ya barabara ya Dadaab, akaingiza gia ya pili ya chini na kuachia mguu. Gari lilitambaa hadi ng'ambo bila changarawe kusikika. Akazima, akafungua boneti, akaweka kiganja juu ya rejeta.

"Fundi," akasema, "sasa tupakie maji."