Millar, si Miller: jina la mtengenezaji wa stempu za kwanza za Uganda

Stempu za kwanza za Uganda zilitolewa Machi 1895, mwaka mmoja baada ya Uingereza kuiweka nchi hiyo chini ya himaya yake, nazo hazikupigwa chapa London, bali zilichapwa kwa taipureta huko Mengo na kasisi mmisionari wa CMS, yaani shirika la misheni la Kanisa la Uingereza, kwa ombi la George Wilson, ofisa wa serikali aliyeanzisha huduma ya posta. Kila stempu ilikuwa na herufi U na G juu, na katikati tarakimu ya thamani iliyohesabiwa kwa kauri, zile simbi za baharini zilizotumika kama fedha, 200 kwa rupia moja. Ndiyo maana wakusanyaji huziita Kauri za Uganda.

Stempu hizo hazikubeba jina wala saini ya aliyezitengeneza, kwa hiyo jina lake limetufikia kupitia maandishi tu, na humo ndimo lilimogawanyika: huku huandikwa Ernest Millar, kule Ernest Miller. Masikio hayawezi kuamua, kwa sababu katika Kiingereza majina hayo mawili hutamkwa sawasawa. Hata hivyo, Miller ndilo jina lililoenea zaidi, na mnakili anapokutana na tahajia isiyo ya kawaida, mkono wake huelekea kuandika ile aliyoizoea. Kwa sababu hiyo, watafiti wa maandishi ya kale hushikilia kwamba tahajia iliyo adimu mara nyingi ndiyo ya asili, ingawa kanuni hiyo ni dalili tu na haitoshi kuwa hukumu.

Ushahidi wenye nguvu zaidi unapatikana katika kitabu. Mwaka 1902 Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, yaani waziri mkuu wa Kabaka, alisafiri hadi Uingereza kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward VII, akifuatana na katibu wake, Ham Mukasa, na mmisionari huyo aliyekuwa mkalimani wao. Mukasa aliandika habari za safari hiyo kwa Kiganda, naye mmisionari akazitafsiri na kuzihariri kwa Kiingereza, zikachapishwa London mwaka 1904 kwa jina la Uganda's Katikiro in England. Ukurasa wa kwanza wa kitabu hicho unamtaja mfasiri kuwa Ernest Millar, kwa herufi a, na ushahidi huo una uzito kwa kuwa mwenye jina ndiye aliyeyaandaa maandishi.

Kanuni inayofuatwa hapa ni kuupima ushahidi kwa ukaribu wake na mhusika. Saini na barua zake hutangulia, zikifuatwa na vitabu alivyovisimamia mwenyewe, kisha kumbukumbu za waliomwajiri, ambazo kwa CMS zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Makala na katalogi za baadaye huja mwisho. Vilevile, vitabu kumi vilivyonakili kosa kutoka kitabu kimoja havihesabiwi kuwa mashahidi kumi, bali shahidi mmoja tu.

Ni lazima pia kutenganisha kosa na badiliko la tahajia. Kagwa aliandika jina lake kwa g moja, ilhali tahajia ya Kiganda ya leo, ambayo hurudufu konsonanti nzito, huliandika Kaggwa. Na Usoga, ambako stempu za mwaka 1896 zilipigwa chapa katika mtambo wa misheni, leo huandikwa Busoga. Tahajia zote mbili za majina hayo zina utetezi wake. Miller haina utetezi wa namna hiyo, kwa kuwa hakuna kanuni ya lugha iliyoizaa.

Jambo hili si dogo, kwani anayetafuta Miller katika faharasa au katika kompyuta ya maktaba huweza kuikosa tafsiri ya mwaka 1904, asitambue kwamba aliyechapa stempu za Mengo ndiye aliyeifikisha kalamu ya Ham Mukasa kwa wasomaji wa Kiingereza. Inafaa, basi, waandishi, walimu na watunza makumbusho waandike Ernest Millar, na katalogi zenye tahajia ya Miller zimwelekeze msomaji kwenye jina sahihi.