Beni ya pikapu: kutu inakula toka chini

Mwaka wa 2003, wakati wa Opération Départs Volontaires ya Gécamines, wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka ku kazi. Papa alikuwa mumoja wao. Na feza yake alinunua pikapu ya zamani, na ile pikapu njo ilitulisha: makala toka ku pori, mifuko ya mahindi, simenti, mbolea, samaki ya chumvi toka Kasenga. Motere haikumusumbua sana. Chenye kilimumaliza ni beni, ile fasi ya nyuma ya kubebea vitu. Siku moja kijana wa kupakiza aliruka ndani na mufuko ku bega, muguu wake ukapita mu toli mpaka ku paja. Alishonwa ku hospitali, papa akalipa. Wakati tuliondoa kapeti ya mupira yenye ilikuwa inafunika chini, tulikuta toli imebakia nyembamba kama karatasi. Juu ilionekana safi kabisa.

Nakumbuka ile habari juu siku hizi, ku sendika, karibu kila mwenzetu mwenye anapata dekonti yake anasema: delege, nitanunua pikapu ya kubeba mizigo. Muzuri. Lakini anaangalia motere, anapiga pine teke, hainami hata kidogo kuangalia chini.

Na sisi watu wa mine tungepaswa kuelewa wa kwanza. Ku usine, asidi ya sulfuriki inatosha shaba mu majiwe. Wazee wenye walifanya kazi ya sementasio wanajua vizuri: ukitia vyuma vya zamani mu maji yenye shaba, shaba inatokea, chuma kinaisha. Mu beni ni vile vile, pole pole. Unga wa malakiti unabaki mu kona, maji yenye asidi kidogo inaukuta pale rangi imekwaruzwa, na ni chuma ya gari njo inalipa. Mbolea na chumvi nazo ni mubaya, juu zinavuta maji ya hewa: hata kama mvua haijanyesha, fasi yake inabaki na unyevu. Tena udongo wetu ni mwekundu, kutu nayo ni nyekundu. Mutu anaona vumbi tu, kumbe gari inaliwa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haiombi feza: kuosha. Si kurusha maji juu juu. Fagia kona zote, tafuta matundu madogo ya kutoshea maji na uyazibue na waya, kisha inua pua ya gari ku mulima kidogo ili maji yaende nyuma. Kama asidi imemwangika, vaa gants na kinga macho, mwanga maji mengi, kisha weka bikarbonati, ile ba mama wanatia mu maharagi. Itatoa povu. Povu ikiisha kutoka, asidi imeisha, osha tena. Na tafazali, bido za asidi hazipande na watu. Beni ni ya vitu, haiko ya watu, hata kama kapita anasema safari ni fupi.

Kuisha hapo, kuna kufunika. Hapa kwetu wengi wanakata ile mikanda mizito ya mupira yenye kubeba majiwe ku usine. Sijaona kintu kizuri kupita hiyo kwa kupokea majiwe na vyuma vyenye kuanguka. (Uwe na bo ya sorti, usimupe gardien sababu ya kukufunga.) Lakini njo ule mupira uliua beni ya papa. Maji inaingia chini yake, haipati njia ya kutoka, jua haiingii. Plastiki yenye inakuja na gari toka kiwandani ni ile ile, tena mchanga ukiingia chini yake inasugua rangi kama papie emeri. Kwa hiyo usifunge mupira na visu vya kudumu. Uweke tu, ukatwe vipande viwili ili watu wawili waweze kuuinua. Wakati wa mvua, mara moja kwa juma. Wakati wa jua, mara moja kwa mwezi. Inua, osha, acha ikauke siku nzima.

Rangi, uipake mwezi wa 6 ao wa 7, wakati hakuna mvua. Sugua kutu na brosi ya waya mpaka chuma kiangae, pangusa mafuta yote, paka antiruyi siku ile ile, juu chuma wazi kikilala inje usiku mumoja kinaanza tena. Kisha rangi, mara mbili. Kama toli imetoboka, sudere asibandike kipande kipya juu ya kutu. Akate mpaka afike ku chuma kizima. Na upande wa chini, fasi moto ilichoma rangi, nako kupakwe. Batri itoshwe kwanza, na umwonyeshe reservoir ya mafuta iko wapi.

Wengine wanapaka mafuta machafu ya motere. Ku shasi, inasaidia kidogo. Mu beni, hapana: watu wanateleza, mupira unalainika na kuharibika, na unga wa watoto utanuka mazuti.

Mwenye anataka kununua, apeleke toshi na nyundo ndogo. Alale chini ya gari, apige pole pole ku kona za beni na ku shasi. Chuma kizima kinalia. Chenye kuoza kinajibu kama karto. Gari zingine za okazio toka Japani zilitembea fasi ya theluji, na kule wanamwanga chumvi mu barabara. Rangi mpya kabisa chini ya gari ya zamani, uliza ilipakwa juu ya nini.

Pikapu ya papa tuliuzisha kwa vipande. Mulango wake wa nyuma tulibakia nao, njo tunafungia banda la kuku.