Niliwakinga kuku baridi, nikawanyima hewa

NILIPOREJEA Cyangugu nikitokea Uvira, mtaji wangu ulikuwa bunda moja la vitenge na uzoefu wa kuvuka mpaka. Kwa miaka kadhaa nilipita daraja la Rusizi ya Kwanza, asubuhi na mzigo kichwani, jioni na noti za Kikongo zilizochakaa. Kilichonitoa kwenye vitenge ni mayai. Kila trei niliyoifikisha Bukavu ilipata mteja kabla sijatua mzigo vizuri, nami nilikuwa nikiyanunua kwa wafugaji wengine. Nikajiuliza, kwa nini nisiwe na kuku wangu mwenyewe?

Hivyo mwaka 2006, mwaka uleule mkoa wa Cyangugu ulipofutwa na sisi tukawa watu wa wilaya ya Rusizi, nikajenga banda langu la kwanza kilimani, karibu na Kamembe. Nililijenga kwa woga.

Woga wa kwanza ulikuwa baridi. Uvira iko kando ya Tanganyika, ambako mtu hulala mlango wazi. Huku kwetu Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, karibu mita 700 juu ya Tanganyika, na upepo wa alfajiri unapotoka ziwani unajua kutafuta mifupa. Woga wa pili ulikuwa wezi. Basi nikamwambia fundi apandishe matofali hadi kwenye kenchi, aache madirisha mawili yenye ukubwa wa trei la mayai, na mlango wa mbao nzito. Mabati yalikuwa ghali, nikabana upana: mita 6 kwa 4. Humo nikaingiza kuku 200 wa mayai.

Novemba, mvua zikiwa zimekolea, asubuhi moja niliokota saba. Kesho yake kumi na mmoja. Kufikia Krismasi nilibaki na 120, na hao waliobaki walikuwa wamevimba macho, wanakohoa kama wazee. Fedha iliyokuwa imelala pale ilikuwa ni pamoja na ada za shule za wanangu.

Veterineri niliyemwita aliingia, akatoka baada ya dakika moja akijifuta machozi. "Mama," akaniambia, "hili ni ghala la maharage. Kuku hawaishi humu."

Ugonjwa ulioua wengi ulikuwa kuhara damu, na dawa yake ipo. Lakini alinieleza jambo ambalo hakuna muuza dawa aliyekuwa amenieleza. Kuku mkubwa hunywa karibu robo lita ya maji kwa siku. Kuku 200 ni lita 50, yaani madumu mawili na nusu. Maji hayo hayapotei. Hutoka kwenye kinyesi na kwenye pumzi. Banda likiwa limefungwa, unyevu wote huishia kwenye matandazo, matandazo yanaganda kama ugali uliolala, na kinyesi kilicholowa hutoa ile hewa kali ya amonia inayochoma macho na kuharibu njia ya hewa ya kuku. Vijidudu vya kuhara damu navyo hupenda unyevu huohuo. Kuku mwenye manyoya kamili haogopi baridi ya Kamembe. Kifaranga ndiye anayehitaji joto, na huyo hupewa chumba chake chenye taa au jiko kwa wiki za mwanzo.

Nilimsikia, lakini sikuwa na fedha za kubomoa. Tetemeko ndilo lililobomoa. Jumapili ile ya Februari 3, 2008, ardhi ilipotikisa Bukavu na upande wetu, ikaua watu zaidi ya 30 Rwanda peke yake, wengine wakiwa kanisani, ukuta wangu wa juu uliangukia ndani. Kwa bahati kuku waliobaki nilikuwa nimekwisha kuwauza. Nilisimama pale nikitazama matofali, nikasema sitajenga tena kitu kirefu na kizito kichwani mwa kiumbe chochote.

Banda la pili nililianza na mtaro. Wenzangu mliorudi kutoka tambarare za Kongo, Burundi au Tanzania, hili tunalisahau: milima yetu inamwaga maji. Ukikata mlima upate kiwanja bila kuchimba mtaro upande wa juu, mvua ya Aprili itapita chini ya ukuta ilale na kuku. Mtaro kwanza, kisha sakafu ya zege iliyoinuka kidogo kuliko nje na kuinamia mlangoni, ili siku ya kuosha maji yatoke yenyewe.

Urefu wa banda niliuelekeza mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige ncha fupi badala ya kuingia ubavuni. Ukuta wa matofali ukaishia kiunoni. Juu yake ni nguzo za mikaratusi na wavu wa waya, tundu dogo, kwa sababu kicheche hahitaji mlango. Kwa ajili ya wezi niliongeza fito nene nje ya wavu, na mbwa. Mabati yamezidi ukuta kwa karibu mita nzima, maana mvua ya huku huja kwa ubavu.

Na baridi je? Nilishona viroba vya mchele vikawa pazia. Siri iko hapa: pazia lifungwe chini na livutwe kwenda juu. Usiku wa upepo unalipandisha likamkinga kuku, lakini juu kabisa unaacha uwazi wa kama shubiri mbili, hewa chafu itokee hapo. Ukilining'iniza kutoka juu, unafanya kinyume chake.

Kuhusu nafasi, hesabu yangu ni kuku watano kwa mita moja ya mraba. Kwa 200 nilihitaji mita za mraba 40, nami nilikuwa nimewapa 24. Banda la sasa ni mita 10 kwa 4, lenye viota 40, kimoja kwa kuku watano, vimewekwa pembe yenye giza. Matandazo ni maganda ya mpunga kutoka Bugarama, nayageuza kwa reki kila baada ya siku mbili. Mayai yakawa safi. Wanunuzi wa soko la Kadutu hugeuza kila yai mkononi, na lenye kinyesi hukuteremshia bei ya trei zima.

Ndugu yangu mmoja alinakili vipimo hivi akavipeleka Bugarama, akapoteza kuku kwa joto. Kule bondeni ni nchi nyingine. Ukuta ushuke hadi magotini, paa lipande juu zaidi na kutandikwa nyasi juu ya bati, kuku wapunguzwe, na miti ya kivuli ipandwe kabla ya banda.

Pia nilitenga banda kwa wavu katikati. Machi 2020 mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, mayai yakarundikana, niliuza nusu ya kuku na upande ule mtupu nikaweka mbuzi.

Siku hizi akija mtu kuniomba vipimo, nampeleka bandani saa kumi na moja alfajiri, kabla pazia halijashushwa. Namwambia achuchumae, pua yake iwe usawa wa kuku, ahesabu hadi mia. Kisha namwomba akafanye hivyohivyo kwake.