Mfupa wa Bega Ukivunjika, Je, Lazima Utiwe Chuma?

Huku Pangani, Muheza na Mkinga vijana hukwea minazi na hupanda pikipiki. Mtu akianguka, mfupa wa mkono huweza kuvunjika juu kabisa, karibu na bega. Wazee hawana haja ya kupanda mnazi. Mifupa yao ni dhaifu, hata kuteleza kisimani kunatosha.

Utajuaje? Bega huuma sana na kuvimba. Mkono hauinuki. Baada ya siku chache ngozi hugeuka rangi ya zambarau mpaka kwenye kiwiko na ubavuni. Usifikiri umelogwa. Ni damu iliyovuja inateremka.

Msiuvute mkono. Msiukande. Msiufunge kwa vijiti na kamba. Mzee anayeunga mifupa kijijini tunamheshimu, lakini macho yake hayaoni ndani ya nyama. Kamba ikibana, damu haipiti, na mkono huweza kuoza. Vua pete na bangili mapema. Kunja khanga, uning'inize mkono shingoni, kisha nenda zahanati. Vidole vikiwa baridi au vimekufa ganzi, au mfupa ukitoboa ngozi, msingoje kuche.

Zahanati kwa kawaida haina eksirei. Tutakuandikia barua uende hospitali, kama ile ya Bombo mjini Tanga.

Hapo ndipo watu hugawanyika. Mmoja hutoroka akiogopa kisu. Mwingine hunung'unika kwamba hakutiwa chuma, kwa hiyo hakutibiwa. Wote wawili wamekosea. Mifupa mingi iliyovunjika mahali hapo huunga yenyewe mkono ukining'inizwa vizuri. Huko Uingereza madaktari walifuatilia wagonjwa 250 ambao mifupa yao ilikuwa imeachana. Wengine walipasuliwa, wengine walining'inizwa mkono tu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Baada ya miaka miwili, makundi yote mawili yalitumia mikono yao karibu sawasawa.

Lakini wapo ambao lazima wapasuliwe. Kwa mfano, kichwa cha mfupa kimechomoka begani, au mfupa umetoboa ngozi. Wengine daktari huwaamulia kwa kutazama picha, umri na kazi ya mgonjwa. Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1996, hufanya kazi ya namna hiyo. Mgonjwa hulazwa usingizi kwa dawa. Daktari hupanga vipande, huweka bamba la chuma ubavuni mwa mfupa, na hulikaza kwa skrubu. Kidonda huweza kuingia usaha, kwa hiyo ukiona joto au majimaji rudi haraka. Bamba lisipokusumbua, hubaki humo humo.

Uwe na chuma au huna, bega lisilochezeshwa hukakamaa. Mtaalamu akikuruhusu, inama, uache mkono uning'inie kama ndoo kisimani, uuzungushe polepole. Fanya hivyo kila siku, hata kama unauma kidogo. Usiku lala umeegemea mito. Mnazi uache mpaka daktari aone kwa picha kwamba mfupa umeshika. Mara nyingi huwa ni miezi mitatu hivi.