Deni Halibembelezwi Milele

Wengi wetu huenda mahakamani baada ya wazee, jamaa na mwenyekiti wa mtaa kushindwa kutupatanisha. Ni busara, lakini ina gharama yake. Nchini Tanzania, Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inampa mwenye dai la mkataba miaka 6, aliyedhuriwa kwa uzembe wa mwingine miaka 3, na anayedai ardhi miaka 12, kuanzia siku haki ya kudai ilipozaliwa. Aliyekopesha shilingi milioni 5 za kulipwa Desemba 2018, akaridhika na ahadi za “mwezi ujao” hadi 2025, amechelewa, kwa sababu mazungumzo hayasimamishi muda. Muda huanza upya pale mdaiwa anapokiri deni kwa maandishi yenye saini yake, au anapolipa sehemu ya deni, kabla haujaisha. La sivyo shauri hutupwa, hata kama mdaiwa mwenyewe hakuleta pingamizi.

Wapo watakaosema huku ni kuwanyima watu haki kwa sababu ya kalenda, ilhali Ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Hoja hiyo ina uzito, ila ukomo unagusa mamlaka yenyewe ya mahakama kusikiliza shauri. Tena unamlinda hata mnyonge: mashahidi hufa, stakabadhi hupotea, na anayeshtakiwa kwa deni la miaka 20 iliyopita atajitetea kwa ushahidi gani?

Wengine huogopa kwamba kufungua kesi ni kuvunja undugu. Utaratibu wenyewe unawajibu. Katika mahakama ya wilaya, mdai huwasilisha hati ya madai inayoeleza chanzo cha dai, lini lilizaliwa na nafuu anazoomba. Mdaiwa akishapokea wito ana siku 21 za kujibu, kisha pande zote hupelekwa kwenye usuluhishi kabla ya ushahidi kusikilizwa. Madai madogo huanzia Mahakama ya Mwanzo, ambako wengi hujisimamia bila wakili. Anayeidai Serikali hutoa kwanza notisi ya siku 90. Na ukishinda, bado utaomba kukaza hukumu, hivyo ujue mapema mdaiwa ana mali gani.

Patana kwa kadiri uwezavyo, lakini kabla ya kupokea ahadi nyingine, mwandikishe mdaiwa wako na atie saini.